Mkataba wa usafi ulioachwa ukaisha: uchambuzi wa kisa cha ofisi moja ya umma Dar es Salaam

Mkataba wa huduma za usafi katika taasisi niliyokuwa nikifanyia kazi uliisha siku ya Jumapili, tarehe 30 Juni 2024. Asubuhi ya Jumatatu wafanyakazi 22 wa kampuni ya usafi waliingia kazini kama ilivyokuwa desturi yao, wakachukua ndoo na mifagio katika stoo iliyo chini ya ngazi, wakaanza kupiga deki jengo la ghorofa saba ambalo, kwa mujibu wa nyaraka, kampuni yao haikuwa tena na kazi ndani yake. Waliendelea hivyo kwa miezi mitatu. Fedha za miezi hiyo hazikulipwa hadi Machi 2025, na kisa kizima, nilivyokifuatilia baadaye jalada kwa jalada, kilianzia katika neno moja lililoandikwa kwenye fomu ya mahitaji ya idara. Neno hilo niliandika mimi.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu kila ofisi ya umma ina mikataba ya namna hii: usafi, ulinzi, matengenezo ya viyoyozi, lifti, jenereta, bustani. Kwa thamani ni mikataba midogo, na hakuna anayeiulizia katika kikao cha menejimenti hadi siku choo cha wageni kinapofungwa kwa kitasa. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba huduma inayojulikana, yenye mkataba wenye tarehe ya mwisho, haiwezi kugeuka dharura siku inapokatika, na kwamba wajibu wa kuizuia isikatike uko kwetu sisi watu wa utawala kabla haujawafikia watu wa ununuzi. Jina la taasisi silitaji, na majina ya waliohusika vilevile.

Taasisi na mkataba wake

Taasisi hii ni wakala wa Serikali, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997. Wizara mama ilihamia Dodoma pamoja na wizara nyingine baada ya uamuzi wa mwaka 2016, lakini makao makuu ya wakala yalibaki Dar es Salaam kwa kuwa wateja wake wengi wana shughuli zao karibu na bandari. Kwa siku moja jengo lile hupokea mamia ya watu wanaokuja kufuata vibali na stakabadhi, na hao wote hupanda ngazi zilezile, huketi kwenye viti vilevile na hutumia vyoo vilevile. Mtendaji Mkuu ndiye Afisa Masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha na ununuzi wa taasisi. Idara ya utawala, ambako nilikuwa ofisa tawala mwandamizi, ndiyo idara tumizi ya huduma zote za jengo: ndiyo inayopaswa kusema nini kinahitajika, kwa kiasi gani, na lini.

Mkataba wa usafi ulisainiwa Julai 2021 kwa mwaka mmoja, ukiwa na kifungu kilichoruhusu kuuhuisha mara mbili endapo utendaji wa mtoa huduma utaridhisha. Uliridhisha, ukahuishwa mara zote mbili. Bei ilikuwa Sh 4,900,000 kwa mwezi pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani Sh 58,800,000 kwa mwaka. Baada ya uhuishaji wa pili hapakuwa na nafasi ya uhuishaji wa tatu, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa waziwazi katika ukurasa wa nne wa mkataba ambao nakala yake ilikuwa kabatini kwangu.

Neno «inaendelea»

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini maandalizi yake huanza mapema zaidi, pale Wizara ya Fedha inapotoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti na kila taasisi kuanza kujaza makadirio yake. Sambamba na hilo, kitengo cha usimamizi wa ununuzi huziandikia idara tumizi kuomba orodha ya mahitaji ili kitayarishe mpango wa ununuzi wa mwaka. Mpango huo una uzito kuliko wengi wetu wa utawala tunavyoudhani. Tangu zabuni za umma zilipohamia kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, mwaka 2023, jambo lisilokuwa kwenye mpango halina mlango wa kuingilia: ofisa ununuzi hawezi kulianzishia zabuni, hawezi kuliandalia hati ya kuagizia, na mhasibu naye hawezi kulilipa, kwa kuwa malipo yanafuata ahadi iliyosajiliwa.

Mwezi Desemba 2023 nilipewa jukumu la kujaza fomu ya mahitaji ya idara yetu kwa mwaka 2024/25. Nilifungua fomu ya mwaka uliotangulia na kuipitia mstari kwa mstari, nikibadilisha idadi ya rimu za karatasi, katriji za printa, matairi na mafuta. Nilipofika kwenye mstari wa huduma za usafi, safu ya «hali ya mkataba» ilikuwa imejazwa neno «inaendelea», neno ambalo lilikuwa kweli kwa mwaka 2023/24. Niliangalia jengo, nikaona wasafishaji wapo, nikaliacha. Fomu haikuwa na safu ya tarehe ya kuisha kwa mkataba. Kama ingekuwepo ningelazimika kwenda kabatini, kufungua ukurasa wa nne na kuandika 30 Juni 2024, na kuiandika tarehe hiyo peke yake kungetosha kuonyesha kwamba neno lililokuwa pembeni yake halikuwa sahihi.

Kitengo cha ununuzi kilipokea fomu na kuingiza kwenye mpango kile kilichoandikwa. Baadaye walilaumiwa sana kwa hilo, tena na watu wa idara yangu, na naona ni haki nilisemee hapa. Sheria ya ununuzi imegawa kazi kati ya Afisa Masuuli, bodi ya zabuni, kitengo cha usimamizi wa ununuzi, idara tumizi na kamati ya tathmini, na inataka kila kimoja kifanye sehemu yake bila kuingiliwa. Kutambua hitaji ni sehemu ya idara tumizi. Mtu wa ununuzi anaweza kuuliza swali zuri, na wa kwetu angeuliza ningemshukuru, lakini hana wajibu wa kujua kwamba ofisa tawala amenakili fomu ya mwaka jana.

Makadirio yaliyozaliwa na asilimia

Kosa la pili lilikuwa la kibajeti, na hili ninaliona kubwa kuliko la kwanza, ingawa halikuonekana hadi Novemba ya mwaka uliofuata. Kasma ya usafi, yaani fungu lake katika bajeti, tuliikadiria kwa kuchukua fedha za mwaka uliopita na kuongeza asilimia 5, tukapata Sh 61,740,000. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwa kila kasma ambayo haikuwa na mtu wa kuitetea.

Lakini bei ya usafi ina mifupa yake. Sehemu kubwa ya bei hiyo ni mishahara ya watu, na mishahara ya watu wa chini inaongozwa na amri ya kima cha chini inayotolewa na Serikali yenyewe. Amri mpya ya kima cha chini kwa sekta binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023, na katika kundi la biashara, viwanda na huduma za kibiashara, ambalo kampuni yetu ililitumia kupigia hesabu zake, kima kilipanda kutoka Sh 115,000 kwa mwezi hadi Sh 150,000. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 30. Kampuni ilituandikia mapema mwaka 2023 ikiomba bei iangaliwe upya, nasi tukajibu kwamba mkataba ulihuishwa kwa bei ileile kwa ridhaa yao. Jibu lilikuwa sahihi kimkataba. Hata hivyo barua ile ilikuwa taarifa ya bure iliyotufikia mwaka mzima na zaidi kabla ya kuihitaji, ikitueleza kwamba mtu yeyote atakayeshinda zabuni ijayo atakuja na bei nyingine kabisa. Iliwekwa kwenye jalada na haikuonekana tena mezani wakati wa bajeti.

Nilipokaa baadaye kupiga hesabu kuanzia chini, haikunichukua hata saa moja. Watu 22 kwa Sh 150,000 ni Sh 3,300,000. Mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni Sh 330,000. Ukiongeza tozo nyingine za mwajiri, sabuni, dawa, mifuko ya taka, usimamizi na faida ya wastani, kisha asilimia 18 ya kodi, unafika karibu Sh 6,200,000 kwa mwezi, sawa na Sh 74,400,000 kwa mwaka. Tulikuwa tumetenga pungufu kwa zaidi ya Sh 12,000,000. Makadirio ya asilimia huwa na sura ya tahadhari, kwa sababu yanaongeza kidogo kila mwaka, na ndiyo maana yanapita kwenye vikao bila kuulizwa. Kasma yenye watu ndani yake inapaswa kukadiriwa kwa kuhesabu watu.

Wiki sita

Katikati ya Mei 2024 msimamizi wa wasafishaji, mama wa makamo ambaye wote tulimwita Mama Usafi, alinikuta kwenye korido ya ghorofa ya pili. Nilimwamkia, naye akaniuliza kwa sauti ya chini, «Mwanangu, huko kwetu ofisini wanasema mkataba unaishia Juni. Mbona kwenu kimya?» Nilirudi mezani, nikafungua kabati, nikausoma ukurasa wa nne. Kisha nikashuka kwa ofisa ununuzi, akafungua mfumo mbele yangu na kunionyesha mstari wa usafi. «Kaka, mpango wa mwaka ujao hauna zabuni hii. Umeandikwa mkataba unaoendelea. Nikianzisha kitu leo, naanzisha nini?»

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu wengi wanaokisimulia kisa hiki hudhani kwamba hadi kufikia Mei mambo yalikuwa yameshaharibika. Hayakuwa yameharibika. Zilibaki wiki sita, na mkataba ulikuwa bado hai. Mkataba ulio hai unaweza kufanyiwa nyongeza ya muda, kwa sababu za maandishi, kwa maombi ya idara tumizi, kwa idhini ya bodi ya zabuni, kwa ushauri wa mwanasheria wa taasisi na kwa saini ya Afisa Masuuli, ilimradi yote yafanyike kabla haujaisha. Mkataba uliokwisha hauna cha kuongezewa. Nyongeza ya miezi mitatu ingetupa nafasi ya kurekebisha mpango, kutangaza zabuni na kumpata mtoa huduma mpya bila siku hata moja kupita nje ya utaratibu.

Niliandika dokezo siku ileile. Lilipita kwa mkuu wa idara, likapita kwa mwanasheria, likafika katika ofisi ya Mtendaji Mkuu tarehe 24 Mei. Hapo ndipo lilipolala. Kuanzia Aprili hadi Juni Bunge huwa katika mkutano wa bajeti, na viongozi wa taasisi huitwa Dodoma mara kwa mara kujibu hoja za kamati na kusaidia wizara zao. Kwa taasisi iliyo Dar es Salaam hiyo ni miezi ambayo saini inakaa mbali na jalada. Majalada yetu ya karatasi yalisafiri kwa basi na dereva au na ofisa yeyote aliyekuwa na safari, na katibu mahsusi alikuwa na utaratibu wa kupeleka kwanza yale yaliyohusu bajeti na maswali ya Bunge. Dokezo la usafi wa jengo lilikuwa la mwisho katika rundo, na siwezi kumlaumu kwa kulipanga hivyo, kwa sababu juu yake sikuwa nimeandika tarehe ya mwisho. Nilikuwa nimeandika «Kwa hatua zako».

Afisa Masuuli alikuwa na kaimu Dar es Salaam. Kaimu alikuwa na barua ya kukaimu inayomruhusu kusimamia shughuli za kila siku, lakini haikutamka mambo ya ununuzi, naye kwa busara alikataa kusaini jambo ambalo hakukabidhiwa kwa maandishi. Barua ya kukaimu yenye sentensi moja zaidi ingetosha. Dokezo lilirudi Dar es Salaam tarehe 3 Julai likiwa na maneno «Sawa, endeleeni kwa kufuata taratibu». Mkataba ulikuwa na siku tatu kaburini.

Kuna wanaosema tatizo lilikuwa ujio wa sheria mpya. Ni kweli kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 ilianza kutumika Juni 2024, na kanuni zake Julai 2024, na kwamba kila kitengo cha ununuzi kilikuwa katika mafunzo na kujipanga upya. Lakini chini ya sheria ya 2011 na chini ya ile ya 2023, mkataba ulioisha umeisha, na hitaji lisilo kwenye mpango halinunuliki. Sheria mpya haikutuchukulia hata siku moja kati ya zile wiki sita.

Julai hadi Septemba

Siku dokezo liliporudi, mkuu wangu wa idara aliiandikia kampuni barua fupi akiiomba iendelee kutoa huduma «wakati taratibu za ununuzi zikikamilishwa». Alikuwa na nia njema. Jengo linalopokea umma haliwezi kukaa siku mbili bila kusafishwa, na yeye ndiye angeulizwa. Mkuu wa kitengo cha ununuzi aliposhirikishwa nakala ya barua alijibu kwa maandishi kwamba haitambui, kwa kuwa idara tumizi haina mamlaka ya kuifunga taasisi na mzabuni. Wakaacha kusalimiana kwa muda.

Kampuni ilileta ankara ya Julai. Mhasibu aliirudisha, kwa sababu haikuwa na LPO, yaani hati ya kuagizia, wala mkataba hai wa kuibeba. Ikaja ya Agosti, ikarudishwa. Kampuni kubwa zenye mitaji huvumilia ucheleweshaji wa Serikali kwa kukopa benki. Hii haikuwa kampuni kubwa, na mkataba wetu ulikuwa kama theluthi ya kazi zake zote. Mishahara ya Julai ililipwa nusu. Ya Agosti haikulipwa kabisa.

Wasafishaji wale wengi walitoka Mbagala, Gongo la Mboto na Chanika. Kazi yao ilianza saa kumi na moja alfajiri ili jengo liwe safi kabla watumishi hawajaingia, hivyo walikuwa wakitoka nyumbani gizani na kupanda daladala mbili. Mwishoni mwa Agosti Mama Usafi aliniambia kwamba baadhi yao wanakopeshana nauli na kuja kwa zamu, huyu Jumatatu na mwenzake Jumanne, ili kazi isilale na mtu asipoteze nafasi yake. Walikuwa wanalinda ajira ambayo kisheria haikuwepo, na aliyekuwa akijua haipo ni mimi. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba zabuni inakaribia kutangazwa na kwamba nikimwambia ataondoa watu wote siku hiyohiyo. Katika kisa kizima, hilo ndilo linalonikosesha amani zaidi kuliko fomu.

Wakati huo kulikuwa na pendekezo, lililotoka kwetu utawala, kwamba tununue usafi wa mwezi mmoja mmoja kwa njia ya maulizo ya bei, ili kila mwezi uwe kiasi kidogo chenye utaratibu mfupi. Kitengo cha ununuzi kilikataa, na kilikuwa sahihi. Kuligawanya hitaji moja linalojulikana kuwa la mwaka mzima katika vipande vidogo ili kukwepa njia ya ununuzi inayolistahili ni kosa ambalo wakaguzi wamekuwa wakilitaja kwa miaka mingi. Pendekezo la pili lilikuwa kutangaza kuwa hii ni dharura. Nalo lilikataliwa. Dharura inayokubalika katika ununuzi wa umma ni ile isiyoweza kutarajiwa na isiyotokana na uzembe wa taasisi yenyewe: paa limeezuliwa na upepo, bomba kuu limepasuka, ugonjwa wa mlipuko umeingia. Tarehe iliyochapwa kwenye mkataba miaka mitatu kabla haiwezi kuwa katika kundi hilo, hata ukiizungushia maneno mazuri kiasi gani.

Masurufu

Tarehe 30 Septemba kampuni iliondoa watu wake. Kwa wiki ya kwanza ya Oktoba wahudumu wa ofisi walifagia korido, na vyoo vya ghorofa tatu vilifungwa. Malalamiko ya wateja yakaanza kuandikwa kwenye daftari la mapokezi.

Hapo ndipo uamuzi mbaya zaidi ulipofanyika, na ulifanyika kwa haraka, katika kikao cha dakika kumi. Ofisa tawala wa daraja la chini katika idara yetu, binti aliyekuwa na mwaka mmoja kazini, aliombewa masurufu maalum ya Sh 1,500,000 kwa Oktoba na kiasi hichohicho kwa Novemba, kwa maelezo ya «huduma za jengo». Kwa fedha hizo alitafuta vibarua sita kwa Sh 200,000 kwa mwezi kila mmoja, na kununua sabuni na dawa Kariakoo kwa Sh 300,000 kwa mwezi. Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Alifungua daftari la mahudhurio, akawasainisha vibarua kila siku, na waliopokea fedha walisaini au kuweka dole gumba mbele ya mlinzi.

Masurufu ni fedha za umma anazokabidhiwa mtumishi kwa jina lake, kwa kazi mahususi, na anapaswa kuyarejesha kwa stakabadhi zinazokubalika ndani ya muda uliowekwa. Hayakuwekwa yawe njia ya kununua kile kinachopaswa kupitia zabuni. Stakabadhi za sabuni zilikuwa za EFD, mashine ya risiti za kodi, na zilikubaliwa bila swali. Orodha ya vibarua ilikataliwa, kwa kuwa malipo ya watu wasio na mkataba wala LPO kwa huduma iliyopaswa kushindaniwa hayakuwa matumizi halali ya masurufu. Sh 2,400,000 zikabaki juu ya jina la binti yule.

Zabuni, deni na kasma iliyotosha

Mpango wa ununuzi ulifanyiwa mapitio Oktoba, na kazi hiyo ilipokaliwa kwa dhati ilichukua siku nne tu. Zabuni ilipita katika NeST kwa ushindani mdogo miongoni mwa wazabuni waliomo katika mikataba maalum ya Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini kwa huduma mtambuka, yaani zile zinazotumiwa na taasisi nyingi, njia ambayo ilikuwepo Mei na ingetufaa Mei. Bei iliyoshinda ilikuwa Sh 6,200,000 kwa mwezi. Mkataba ulianza tarehe 1 Desemba 2024, na kampuni iliyoshinda si ile ya zamani.

Deni la miezi mitatu, Sh 14,700,000, lilichukua muda mrefu zaidi. Kamati iliundwa kuhakiki kama huduma ilitolewa kweli. Ilitumia daftari la walinzi la kuingia na kutoka, ambalo, kwa bahati, lilikuwa limeandikwa vizuri, na ripoti za kila wiki za Mama Usafi alizoziandika kwa mkono kwenye daftari la shule na kuniletea nisaini. Mwanasheria alishauri kwamba taasisi ilipokea huduma kwa barua yake yenyewe na haiwezi kukataa kuilipia, lakini pia kwamba uvunjaji wa utaratibu uripotiwe ulivyo na kila aliyehusika aeleze sehemu yake. Idhini ilipatikana, na malipo yakafanyika Machi 2025 baada ya kukatwa kodi ya zuio.

Mkaguzi wa ndani aliponionyesha rasimu ya taarifa yake, kitu kilichonigusa zaidi kilikuwa jedwali la kasma ya usafi. Miezi saba ya mkataba mpya hadi Juni 2025 ni Sh 43,400,000. Deni la kampuni ya zamani ni Sh 14,700,000. Masurufu ni Sh 3,000,000. Jumla ni Sh 61,100,000, dhidi ya makadirio ya Sh 61,740,000. Atakayesoma taarifa ya matumizi ya mwaka huo bila kusoma jambo lingine ataona kasma iliyokadiriwa kwa usahihi na kutumika kwa asilimia 99, bila kuhamisha fedha hata mara moja. Kasma ile ilitosha kwa sababu watu 22 walifanya kazi miezi mitatu kwa bei ya mwaka 2021, na kwa miezi miwili vibarua sita wakasafisha ghorofa saba. Ndiyo maana nasema taarifa ya matumizi ya huduma za jengo isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na rejista ya mikataba na daftari la malalamiko ya wateja.

Kwa makadirio ya mwaka 2025/26 tulihesabu watu. Fomu ya mahitaji sasa ina safu mbili mpya, tarehe ya mwisho ya mkataba na tarehe ya mwisho ya kuanzisha zabuni, na kitengo cha ununuzi hakipokei fomu ambayo safu hizo ziko wazi. Rejista ya mikataba yote ya huduma hupelekwa katika kikao cha menejimenti kila robo mwaka, ikipangwa kwa mfuatano wa tarehe za kuisha. Barua za kukaimu wakati wa Bunge la bajeti zinataja ununuzi kwa jina.

Hoja ya masurufu haijafungwa. Uhasibu umeanza kumkata binti yule Sh 200,000 kwa mwezi katika mshahara wake, makato yatakayodumu mwaka mzima. Niliandika dokezo kwa Mtendaji Mkuu nikieleza kwamba ofisa huyo alitekeleza maelekezo ya kikao, kwamba hitaji lililosababisha masurufu lilitokana na fomu niliyoijaza mimi, na kuomba makato yasimamishwe na suala lielekezwe kwa waliofanya uamuzi, nikiwemo. Niliambatisha nakala za daftari la mahudhurio, kurasa zote, pamoja na ukurasa wa nne wa mkataba. Dokezo limerudi likiwa na neno moja kwa wino wa kijani, «Tujadili», na kikao kimepangwa Alhamisi saa nne asubuhi. Nimemwomba binti yule awepo, aje na daftari lenyewe.